Nyumba za Kale na Makumbusho Madogo: Kwa Nini Wananchi Hawayatembelei?

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Serikali)



Mtumishi akihamishiwa Iringa, jambo la kwanza huulizia nyumba, kisha shule ya watoto, kisha baridi ya mwezi wa Juni. Atakaa huko miaka mitatu au minne. Atahudhuria vikao, atazika na kuoza pamoja na wenyeji, na siku ya kuhama ataagwa kwa pilau na hotuba. Lakini ukimuuliza Kalenga iko wapi, atanyoosha mkono kuelekea upande fulani wa mji na kusema kwamba amesikia habari zake. Kalenga iko umbali wa kilomita zipatazo 15 tu kutoka mjini Iringa. Mtu huyo huyo, akipewa safari ya mafunzo ya Ulaya, atarudi na picha zake akiwa amesimama mbele ya majumba ya wafalme wa huko, na atawaeleza wenzake tarehe za kuzaliwa na kufa kwao bila kukosea.

Hali hii haitokani na uvivu peke yake. Ni kasumba ya tangu zamani, kwamba makumbusho ni mahali pa watalii na wazungu, na kwamba mwananchi aliyekulia nchini hana jipya la kuonyeshwa. Wapo pia wanaodhani kwamba makumbusho ni lazima yawe jengo kubwa la Dar es Salaam, lenye ngazi na walinzi wenye sare. Makumbusho hayo ya Taifa yana historia yake. Yalianzishwa mwaka 1934 kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano, yakafunguliwa kwa umma mwaka 1940, na leo yana hazina ambayo hakuna mtu mwenye akili atakayeidharau. Lakini mazungumzo haya yanahusu vyumba viwili au vitatu vya wilayani, vyenye mlinzi mmoja, daftari la wageni na makabati machache ya vioo.

Kalenga ni mfano mzuri kupita yote. Mtawala wa Wahehe, Mkwawa, aliyeshika utawala mwaka 1879, alijenga hapo ngome yenye ukuta mnene. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi lake lilimvizia kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, huko Lugalo, likamuua pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne zaidi, mpaka Julai 1898, alipojipiga risasi huko Mlambalasi kuliko kushikwa akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa.

Mambo hayo yamo katika vitabu vya shule, na mwanafunzi anaweza kuyakariri akiwa Mtwara au Bukoba. Asichoweza kukipata kitabuni ni kile kinachomkuta mtu anaposimama katika chumba kile cha Kalenga mbele ya kioo, na ndani ya kioo kuna fuvu la kichwa. Fuvu hilo limetajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246, ambayo iliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Mataifa makubwa ya dunia yalikaa Ufaransa kugawana mipaka, fedha na makoloni, na katikati ya ibara zao ikaingia habari ya kichwa cha Mhehe. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda katika makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi yasiyo na majina, akachagua moja lenye tundu la risasi na vipimo vinavyokaribiana na vya jamaa za Mkwawa. Mwezi Juni mwaka 1954 alilikabidhi Kalenga mbele ya umati wa watu kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Hapa mwalimu hodari atapata kazi ya kutosha juma zima. Je, kuna hakika gani kwamba fuvu lile ni la Mkwawa mwenyewe? Wapo wataalamu waliotilia shaka. Kwa nini gavana wa kikoloni alijisumbua kulirudisha mwaka ule ule wa 1954, wakati siasa za kudai uhuru zilikuwa zinaanza kupamba moto? Na wale wengine waliobaki Bremen katika rafu, wenye mafuvu bila majina, walikuwa watoto wa nani? Mwanafunzi anayeuliza maswali ya namna hiyo amekwisha kuingia katika kazi yenyewe ya historia, na hakuna mtihani utakaomtisha.

Ndugu walimu, hapana budi kueleza jambo jingine ambalo halisemwi mara kwa mara. Si kila kinachoonyeshwa katika makumbusho kimepangwa kwa macho ya mwenye nchi. Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, lipo tembe linalojulikana kwa jina la Dakta Livingstone. Alikaa hapo mwaka 1872, kwanza pamoja na Henry Stanley, na baada ya Stanley kuondoka mwezi Machi, akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi. Jengo lenyewe ni zuri na linafaa kutazamwa kwa utulivu: kuta nene za udongo, paa tambarare, ua katikati, mlango wa nakshi. Lakini jina la nyumba limefunika watu wengi. Tembe lile lilikuwa la wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na makao Unyanyembe, katika njia ya pembe na ya watumwa, na waliobeba kila kitu kilichopita hapo, tangu shanga mpaka mitumbwi ya vipande, walikuwa Wanyamwezi na watu wengine wa bara na wa pwani.

Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao zaidi ya 60 waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba kwa miezi mingi mpaka Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa akiandika habari za safari hiyo kwa mkono wake. Mwalimu anayewapeleka watoto Kwihara na kurudi nao wakiwa wanajua habari za Mzungu mmoja tu, safari yake imepungua nusu. Awaulize: hapa walilala wapi wale 60?

Bagamoyo nako, katika misioni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Mgeni akiuona mnyororo ule, mara moja humjia habari ya watumwa, na wapo watembezaji wanaomwachia aamini hivyo kwa sababu machozi ya mgeni huongeza bakshishi. Masimulizi ya misioni yenyewe yanasema kwamba mnyororo ulikuwa wa kufungia punda. Utumwa ulikuwapo Bagamoyo, tena wa kutisha, na ushahidi wake ni mwingi. Haufai kuongezewa nguvu kwa mnyororo wa punda, kwani siku mtu akigundua habari ya punda, atatilia shaka na yale ya kweli.

Kwa hiyo kutembelea makumbusho ni kazi yenye utaratibu, wala si matembezi ya kwenda kunyoosha miguu. Mwalimu atangulie mwenyewe, peke yake, kabla ya kuleta darasa. Azungumze na mlinzi wa makumbusho, kwani katika makumbusho mengi ya wilayani mlinzi ndiye kitabu: anajua kitu gani kililetwa na ukoo upi, kwa nini kabati fulani limefungwa, na ni mzee gani kijijini anayeweza kuja kuzungumza na watoto. Maelezo yaliyobandikwa ukutani ni mafupi, mengine yamefutika kwa jua. Maelezo ya mlinzi hayajaandikwa popote, na siku atakapostaafu yataondoka naye. Darasa la watoto 40 lenye madaftari, likimwuliza na kuandika majibu yake, linafanya kazi ambayo ofisi nyingi zimeikosea muda.

Baadhi ya walimu watasema kwamba hakuna fedha za gari. Ni kweli kwamba shule nyingi hazina. Lakini shule za Songea hazihitaji gari kufika Mahenge, mjini pale pale, ambako kuna Makumbusho ya Majimaji na makaburi ya mashujaa wa Kingoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji, alinyongwa pia na Wajerumani katika mkasa huo. Kuna watoto wanaoandika neno Songea kwenye bahasha kila juma bila kujua kwamba wanaandika jina la mtu. Vivyo hivyo shule za Kisesa na Mwanza ziko jirani na Bujora, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Canada, alisaidiana na Wasukuma wenyewe kukusanya ngoma, viti vya enzi na dawa za waganga. Huko mtoto ataelezwa ushindani wa Bagika na Bagalu katika ngoma, jambo ambalo pengine babu yake alilipigania kwa jasho. Arusha, ile nyumba ndogo ulimofanyika mkutano wa Januari 1967 uliozaa Azimio la Arusha, imekuwa makumbusho tangu mwaka 1977, na daladala zinapita karibu nayo mchana kutwa. Mtaala uliotolewa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na ni ajabu somo hilo kufundishwa ubaoni tu katika miji kama hiyo.

Sasa ndugu watumishi, hasa wa ardhi, wa mipango miji na wa halmashauri. Walimu wanaweza kupeleka watoto kwenye nyumba iliyosimama. Hawawezi kuwapeleka kwenye nyumba iliyobomolewa. Na nyumba nyingi za historia katika nchi hii hazina hata kibao mlangoni. Ni nyumba za kawaida za udongo na bati, katika mitaa ambayo kiwanja kimekuwa na thamani kuliko jengo. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, aliishi na familia yake Magomeni, katika nyumba ambayo haizidi nyumba ya mtumishi wa kawaida. Nyumba hiyo imehifadhiwa na inatembelewa, na anayeingia humo hushangazwa na udogo wake kuliko kitu kingine chochote. Imenusurika kwa sababu ya ukubwa wa jina la aliyekaa humo. Lakini wanachama wa kwanza wa matawi, waliotoa sebule zao kwa mikutano na kuficha kadi chini ya magodoro, nyumba zao ziko wapi leo? Nyingine zimekuwa maghorofa ya maduka. Nyingine zinasubiri kibali cha kubomoa, na kibali hicho hupita katika meza ya mtu.

Mtu huyo mwenye meza aijue sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao yenye nakshi imewekewa mwaka wake, 1940. Jengo la baada ya 1863 halipati ulinzi huo kwa umri wake peke yake. Hulipata Waziri anapolitangaza. Mtu ahesabu mwenyewe maana yake. Ukuta wa Mkwawa Kalenga ni wa baada ya 1863. Maboma yote ya Wajerumani ni ya baada ya 1863, pamoja na lile la Arusha na lile la Iringa lililogeuzwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Harakati zote za kudai uhuru, tangu kadi ya kwanza ya TANU ya mwaka 1954, ni za baada ya 1863. Yaani sehemu kubwa ya historia ambayo wazee walio hai wanaikumbuka, au waliisikia kwa baba zao, iko upande usio na ulinzi mpaka mtu aandike barua.

Barua hiyo si ngumu. Huhitaji kutaja jengo liko kiwanja gani, lilijengwa lini kwa kadiri inavyojulikana, nani aliishi au alikutana humo, na nani anayeweza kushuhudia. Ofisa utamaduni wa wilaya anaweza kuiandaa kwa siku mbili, akisaidiwa na mwalimu wa historia wa sekondari ya jirani na wanafunzi wake, ambao watakwenda kuwahoji wazee na kupima vyumba kwa kamba. Ipelekwe kwa mamlaka inayosimamia mambo ya kale, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala nyingine iwekwe katika jalada la kiwanja chenyewe kule ofisi ya ardhi, ili atakayelifungua jalada hilo kutafuta nafasi ya kujenga kituo cha mafuta aikute humo.