Pikapu ya Kijijini Si Anasa

Wapo watu wa mjini ambao wakimwona mkulima amenunua pikapu kuukuu huanza kucheka. Eti mahindi yake yote yameishia kwenye matairi!

Hesabu yao si ya uongo. Barabara ya udongo humaliza springi mapema, fundi yuko wilayani, vipuri viko mkoani. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi nazo hupanda kadiri wilaya ilivyo mbali na bandari. Anayelima Makete hulipia lita moja zaidi ya anayekaa Kinondoni, ambaye daladala inapita mlangoni kwake.

Lakini asipokuwa nalo je? Basi la kijijini huondoka alfajiri, na masika yakikolea halionekani. Bodaboda ipo, nami siidharau. Ila bodaboda haibebi magunia 10 ya viazi. Mkulima asiye na usafiri humngoja mwenye lori, na mwenye lori huja na bei yake mfukoni na lumbesa yake mkononi. Na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hawezi kupakiwa mshikaki kilometa 30.

Serikali yenyewe yalijua hilo. Katika mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, mtu hupiga namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa huko huko mwenye gari lake, akalipwa kwa safari. Ndiyo hayo hayo tunayoyaita anasa.

Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, ikafidiwa kwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Ikasifiwa kuwa ni haki: atembeaye sana alipe zaidi. Sawa, ila wa mjini anaweza kupunguza matembezi. Wa kijijini atapunguza nini, ilhali hospitali haijasogea? Tena gari kuukuu, ambalo ndilo analolimudu, huongezewa ushuru wa uchakavu linapoingia nchini.

Waheshimiwa wabunge wa wilaya za pembezoni waombe pikapu zipunguziwe ushuru huo. Najua, wajanja wa mjini watakimbilia kujiandikisha kuwa wakulima wa Makete. Hao wana maofisa wa kodi wa kuwashughulikia. Mkulima asitozwe kwa ajili yao.