Mashine ya Chumba cha Vijana: Hotuba Iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Tawa



Mmetupa sisi karani wenu nafasi ya kusema neno kabla hesabu za mwaka hazijasomwa, nasi twashukuru. Neno letu ni juu ya chumba cha vijana, na hasa juu ya mashine ya michezo iliyomo ndani yake. Twajua ya kuwa baadhi ya wazee wakisikia neno "gemu" huona upotevu wa wakati, na wengine huona kamari. Kamari tutaiacha kando, maana katika chumba chetu hakuna shilingi iwekwayo mezani. Kuhusu upotevu wa wakati tutasema tu kwamba wazee wenyewe hukaa na drafti chini ya mti sokoni tangu saa nane hadi jua linapotua, na hakuna mke aliyepata kuleta mashtaka katika afisi yetu. Au labda mmoja.

Mwaka jana Halmashauri ilitoa idhini inunuliwe PlayStation 4 iliyokwisha kutumika, ili vijana wawe na mahali pa kukutana siku za Jumamosi. Barua ya kuiagiza tuliiandika sisi. Tuliuliza bei yake, tukauliza inakula umeme kiasi gani, tukauliza kama fundi atapatikana ikiharibika. Hatukuuliza ni nani atakayeicheza. Chumba kilijaa tangu wiki ya kwanza, nasi tukafurahi na kuandika hivyo katika daftari la Chama. Baada ya miezi miwili hivi ndipo tulipotambua kwamba wako vijana watatu ambao huja kila Jumamosi na hawagusi mashine hata siku moja, hukaa ukutani.

Wa kwanza ni mvulana asiyeona. Wa pili ni msichana kiziwi, aliye nyumbani wakati wa likizo tu. Wa tatu ni kijana aliyepoteza mkono wa kushoto katika ajali ya bodaboda. Naye, kabla ya ajali, hakuna aliyeweza kumfunga katika mchezo wa kandanda wa mashine katika soko hili lote. Tulipomwuliza kwa nini anakuja, alijibu kwamba huja kuwaonyesha wengine makosa yao. Alicheka aliposema hivyo, lakini sisi hatukucheka.

Wazee wetu, ruhusuni turudi kidogo kwenye drafti, kwa sababu jambo hili tulilifahamu pale chini ya mti kabla ya kulifahamu kwenye mashine. Wengi wenu mnamjua mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi na mwalimu aliyestaafu, ambaye macho yake yalizimwa na presha ya macho. Hakuacha drafti. Vizibo vya soda ndivyo vilivyomsaidia: upande mmoja huvilaza kifudifudi na upande wa pili huvilaza chali, basi kidole chapata habari ambayo zamani ililetwa na jicho. Tabu ilikuwa moja, kwamba kidole kikipapasa husukuma, na kizibo kikisogea ugomvi huanza. Ndipo fundi mmoja wa mbao alipomchongea ubao ambao miraba myeusi imeinuliwa kidogo, na katikati ya kila mraba ametoboa tundu. Kila kizibo nacho kimepigwa msumari mfupi wa kuingia tunduni. Huyo fundi hakuwa amesoma mahali popote kwamba mbao za sataranji za wasioona katika nchi nyingine hutengenezwa vivyo hivyo, kwa miraba iliyoinuliwa na kete zenye vijiti chini yake. Alitazama tu vidole vya mzee vinavyokwenda.

Siku moja kijana fulani, kwa huruma, alimwachia mzee ashinde. Mzee alitambua mapema, akauinua ubao akaupindua, akasema maneno ambayo hayawezi kupigwa chapa katika kijitabu hiki. Kushindwa hakujawahi kumkasirisha. Hushindwa na fundi yuleyule mara nyingi, na kesho yake hurudi. Alikasirika kwa kuwa amenyang'anywa mchezo na kupewa sadaka mahali pake.

Twaona kwamba katika kisa hicho yamo yote wanayohangaika nayo watengenezaji wa michezo ya kompyuta leo. Katika kila mchezo kuna ugumu ulio wa mchezo wenyewe, na kuna ugumu uliokaa mlangoni tu. Kufikiri hatua tano mbele ni drafti. Kuona rangi ya kizibo si drafti. Fundi wetu aliuondoa ugumu wa mlangoni akauacha ule wa ndani mzimamzima, ila yule kijana mwenye huruma aliyafanya kinyume chake.

Sasa twende kwenye mashine. Michezo ya video tangu mwanzo iliwekwa karibu yote machoni, na mikono miwili yenye vidole kumi ikahesabiwa kuwa kitu ambacho kila mtu anacho. Walakini watu walicheza hata hivyo. Huko Japani mtengenezaji mmoja, Kenji Eno, alipata habari kwamba kuna wasioona wanaocheza michezo yake kwa kusikiliza tu, jambo ambalo hakulidhania. Mwaka 1997 alitoa mchezo kwa mashine ya Sega Saturn usio na picha yoyote. Kioo ni cheusi tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kitu ni sauti. Mwenye macho na asiye na macho huketi mbele yake wakiwa sawa.

Wengine walishika njia nyingine, wakaongeza sauti katika michezo yenye picha. Mwaka 2020 ulitoka mchezo uitwao The Last of Us Part II, wenye marekebisho zaidi ya 60 kwa ajili ya wasioona, viziwi, na wenye udhaifu wa mikono. Mtu asiyeona kabisa aweza kuumaliza peke yake. Mwaka 2023 mchezo wa mapigano wa Street Fighter 6 uliwekewa sauti za kumjulisha mchezaji adui yuko umbali gani, na kama pigo limetua juu au chini. Na mwaka huohuo mchezo wa magari wa Forza Motorsport ukawa na milio ya kumwongoza dereva asiyeona kwenye kona. Adui hakupunguzwa nguvu, wala kona haikunyooshwa.

Kwa mikono, jambo la kutazamwa ni kile kidude cha vitufe ambacho vijana hukiita padi. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilianza kuuza padi ya namna nyingine: ubao wa kulazwa mezani au mapajani, wenye vitufe viwili vikubwa kama visahani, na nyuma yake matundu 19. Katika kila tundu huchomekwa swichi ya ziada, ambayo mtu aweza kuibonyeza kwa mguu, kwa kiwiko, au kwa kidevu, kama Mungu alivyomjalia. Kilichotufurahisha sisi ni kwamba matundu hayo ni ya pini ileile ya vipokea sauti vya redio. Maana yake, fundi wetu wa redio hapa sokoni aweza kutengeneza swichi kwa kipande cha mbao, waya na pini ya zamani. Kampuni ya Sony nayo ilitoa padi yake mwezi Desemba 2023, lakini hiyo ni kwa PlayStation 5 peke yake, na ile ya Microsoft ilitengenezwa kwa mashine zao na kwa kompyuta za Windows. Kwa hiyo kwa mashine tuliyo nayo, hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayotufaa moja kwa moja. Twasema hivi mapema ili mtu asisimame baadaye kutaka tununue kwa haraka.

Kuhusu viziwi tutasema machache, maana dawa yake ni maandishi chini ya picha, nayo yajulikana. Ila liko jambo moja la kutazamwa. Kampuni ya Ubisoft ilipotoa mchezo mmoja mwaka 2017, maandishi hayo yalikuwa yamezimwa hadi mchezaji ayawashe; na zaidi ya nusu ya wachezaji waliyawasha wenyewe, kiasi cha asilimia 60. Katika mchezo uliofuata, mwaka 2018, waliyaacha yawake tangu mwanzo, na karibu asilimia 95 ya wachezaji hawakuyazima. Hao wote hawakuwa viziwi. Wengine walikuwa na mtoto aliyelala chumba cha pili, na wengine Kiingereza chao ni kama chetu.

Watu wa kazi hiyo husema kwamba mambo haya huwa rahisi yakifikiriwa mwanzoni na huwa ghali yakiongezwa mwishoni. Sisi watu wa Ukambani hatuhitaji kufundishwa hilo. Kila mmoja wetu aliyepata kutoka na mwethya kuchimba mitaro anajua tofauti ya mtaro uliochimbwa kabla ya mvua na ule unaochimbwa wakati udongo umekwisha kwenda mtoni.

Tena hili si jambo la hisani tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja katika kifungu chake cha 30 michezo na burudani, na wasema waziwazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki katika kucheza sawa na watoto wengine. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yataka wenye ulemavu watendewe kwa heshima na waitwe kwa majina yasiyowadhalilisha. Na hapa twakiri kwamba katika daftari za zamani za Chama neno lililotumiwa ni jingine, nasi tumelifuta kwa kalamu nyekundu popote tulipolikuta.

Basi tulifanya nini? Kwanza tuliwaita wale vijana watatu ndani ya afisi, tukafunga mlango, tukawauliza. Ilitupasa kufanya hivyo kabla ya kuandika ile barua. Yule wa bodaboda ndiye aliyetuonyesha kwamba PlayStation 4 tangu mwaka 2015 ina ukurasa wake wa marekebisho: kukuza maandishi, kugeuza rangi, kuhamisha kazi ya kitufe kimoja kwenda kingine. Ukurasa huo ulikuwamo ndani ya mashine yetu siku zote, wala hakuna aliyeufungua. Twaona aibu kulisema mbele yenu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tuliwasha maandishi, na yule msichana akashika padi siku hiyohiyo. Kwa kijana wa mkono mmoja, tulihamisha vitufe, tukatafuta namna ya kandanda inayochezwa kwa vitufe vichache, na fundi wa mbao akachonga kishikio cha kuifunga padi juu ya goti. Jumamosi ya kwanza alifungwa mabao manne kwa bila, na mtoto wa miaka kumi na mmoja. Wote chumbani walinyamaza wakingoja kuona atafanya nini. Alisema, "Weka ya pili." Hatukupata kumwona na uso wa namna ile tangu ajali.

Imebaki habari ya yule asiyeona, nayo ndiyo inayotuleta mbele yenu kwa ombi. Mchezo wa kandanda tulio nao hausemi naye. Mtangazaji huongea sana, ni kweli, lakini hamwambii mpira uko wapi na adui yuko upande gani. Ni kelele za kupendeza tu. Halmashauri imeweka kando fedha za mashine ya pili, na vijana wengi wanataka iwe kama ile ya kwanza ili foleni ipungue. Sisi twaomba mkutano huu uamue vinginevyo: inunuliwe kompyuta ya Windows iliyotumika. Kompyuta hiyo yaweza kuwekewa programu ya kusoma kioo kwa sauti iitwayo NVDA, ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, na hutolewa bure. Iko pia michezo iliyotengenezwa kwa sauti tupu, mingi yake bila malipo. Na fedha zikipatikana siku za mbele, ile padi ya matundu 19 itaungana nayo. Ilipotoka iliuzwa kwa dola 100 hivi huko Marekani, kabla ya kodi na usafirishaji, nazo si fedha ndogo kwa Chama chetu.

Ombi la pili ni kwamba vijana hao watatu waingizwe katika kamati ya chumba, wawe na kura kama wengine, na kwamba kitu chochote kisinunuliwe kabla hawajakishika kwa mikono yao. Mzee wetu wa drafti amekubali kukaa nao mwaka wa kwanza, kwa sharti kwamba asifanywe mwenyekiti.

Twajua itasemwa kwamba ni gharama ya wengi kwa ajili ya mtu mmoja. Hesabu hiyo ni ya kweli, nasi kama karani hatuwezi kuificha: foleni ya mashine ya kwanza haitapungua mwaka huu. Mtapima wenyewe. Karatasi za kura ziko juu ya meza ya Mweka Hazina.

Yule mvulana hakuja leo, maana hakutaka jambo lake lijadiliwe akiwa amekaa mbele ya watu. Jumamosi atakuwa ukutani kama kawaida, kuanzia saa nane.