LAZIMA YA BIMA YA AFYA NA IFUNGE PANDE ZOTE MBILI

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa raia kuhusu afya na katiba. Tunaichapisha kwa ukamilifu ili wale wasiohudhuria nao waisome na kuijadili.



Tumetakiwa tuseme juu ya bima ya afya ya lazima: je, serikali ina haki ya kumlazimisha raia achangie matibabu, na je, kwa njia hiyo kila Mkenya atatibiwa?

Tutaanza na daftari kabla ya kufika kwenye sheria. Hapana hata mmoja wetu humu ndani ambaye hajapata kuletewa daftari la mchango. Juu limeandikwa jina la mgonjwa na jina la hospitali, chini yake kuna majina ya majirani, na mbele ya kila jina mna shilingi 50, shilingi 100, shilingi 200. Tumechanga ili mgonjwa alazwe, tukachanga ili aruhusiwe kutoka, na mara nyingine tumechanga ili maiti itolewe mochari ikazikwe. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba Wakenya hawataki kuchangiana katika maradhi. Sisi tumekuwa tukichangiana tangu kale, bila kushurutishwa na askari wala kukatwa mshahara.

Lakini daftari lina kasoro mbili. Huja baada ya ugonjwa kufika, na humsaidia zaidi mwenye jamaa wenye uwezo. Mgonjwa ambaye jamaa zake wote ni makabwela hupata daftari jembamba. Ndiyo sababu sisi hatuipingi bima ya lazima kwa kuwa ni ya lazima. Anayechanga akiwa mzima humtibu aliye mgonjwa leo, naye kesho hutibiwa na wazima wengine. Kila mtu akiachiwa hiari, wazima watakaa nje, wagonjwa peke yao ndio watakaoingia, na mfuko utakauka. Wale wasemao kila mtu ajinunulie bima yake sokoni wasahau kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Basi ikiwa lazima tunaikubali, tunagombana na nini? Tunagombana na lazima ya upande mmoja: raia afungwe kulipa, na serikali ibaki huru kutimiza au kutotimiza.

Ndugu wananchi, hebu tutazame tulikotoka. Taifa hili lilipopata uhuru mwaka 1963 liliahidiwa vita dhidi ya maadui watatu, yaani umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 ada za wagonjwa wasiolazwa zikaondolewa katika hospitali za serikali. Mwaka 1966 ukaundwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF, kwa ajili ya wenye mishahara. Ahadi ni deni, na kwa miaka ishirini na kitu deni hilo lililipwa kwa kadiri fulani.

Kisha mwezi wa Desemba 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kigeni, ada zikarudi kwa jina la kugawana gharama. Hizo zilikuwa siku za chama kimoja. Hakuna mwananchi aliyeulizwa. Wagonjwa wakapungua mahospitalini, si kwa kupona, bali kwa kukosa ada. Mwezi wa Septemba 1990 ada zikasimamishwa, na kuanzia 1992 zikarejeshwa kwa awamu. Amri ilitolewa, ikaondolewa, ikarudishwa, na aliyelipa gharama ya kila kosa alikuwa mgonjwa. Sisi tuliodai kuondolewa kwa Kifungu cha 2A, kilichofutwa Desemba 1991, hatukudai vyama vingi ili wanasiasa wapate majukwaa mengi ya kupigia kelele. Tulidai kwamba anayeathiriwa na amri aulizwe kabla ya amri.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii ulioletwa na Waziri wa Afya, Bi. Charity Ngilu. Rais Kibaki hakuutia sahihi, na sababu kuu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mwaka 2010 tukajipatia Katiba mpya, na Kifungu cha 43 kikasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka huohuo wa 2010, kina mama wawili walizuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa bili. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao. Tazameni, basi: haki iliandikwa mwaka mmoja, na ilichukua miaka mitano na wanawake wawili mashujaa kuipa meno.

Sasa tuifikie sheria yenyewe. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. NHIF ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa mamlaka mpya, SHA, yenye mifuko mitatu: wa afya ya msingi kwa ajili ya zahanati na vituo vya afya, wa bima yenyewe, na wa dharura na maradhi sugu. Mfuko wa kwanza na wa tatu hutegemea fedha za serikali. Mfuko wa pili hutegemea sisi: asilimia 2.75 ya mapato, na kwa vyovyote isiwe chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Tuseme ukweli hata pale usipotupendeza. Kuna haki ndani ya hesabu hii. Chini ya viwango vya NHIF vya mwaka 2015, mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750. Sasa hukatwa 550. Mwenye mshahara mkubwa hapo awali alifikia 1,700 na kusimama hapo hata kama alipokea mamilioni. Sasa hana dari la kujificha chini yake. Anayepinga sheria hii kwa kuwa tu tajiri amezidishiwa, huyo hatumsemei.

Lakini sheria ilipofika mahakamani, mwezi wa Julai 2024, Mahakama Kuu iliiona kuwa inapingana na Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Septemba Mahakama ya Rufaa ikaruhusu iendelee kutumika wakati rufaa ikisubiriwa, na tarehe 1 Oktoba 2024 ikaanza kazi. Miaka thelathini na mitano baada ya 1989, bado tulikuwa tukishitakiana juu ya jambo lilelile: mwananchi aliulizwa?

Na angeulizwa, angesema nini? Tunaye jirani yetu, fundi viatu, aketiye chini ya mti karibu na kituo cha basi. Yeye si mvivu, wala hakatai kuchanga. Jina lake limo katika kila daftari la mtaa. Aliandikishwa, mapato yake yakakadiriwa, akaambiwa mchango wake ni shilingi 300 kwa mwezi. Akafurahi. Ndipo akaelezwa kwamba asiye na mshahara hulipa kwa mwaka mzima, mara moja, yaani shilingi 3,600, na asipozilipa kadi yake haitamlaza mkewe hospitalini. Gawanyeni fedha hizo kwa siku za mwaka, mtaona ni kama shilingi 10 kwa siku. Shilingi 10 za leo fundi huyu anazo. Shilingi 3,600 za leo hana.

Wala si yeye peke yake. Katika nchi hii, zaidi ya wafanyakazi 8 katika kila 10 wamo katika juakali: mama mboga, bodaboda, wajenzi, wachuuzi. Bima iliyoshonwa kwa kipimo cha mwenye hati ya mshahara haiwezi kuwatosha. Mwaka 2025 serikali ikaleta mpango wa mkopo wa kulipia mchango huo, ulioitwa Lipa SHA Pole Pole. Tunakiri kwamba ni hatua. Lakini kwa nini maskini akope ili atii sheria, wakati sheria yenyewe ingeweza kurekebishwa akalipa kidogo kidogo? Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga hawakusema kibaba kijazwe kwa siku moja.

Tena kuna jambo la uaminifu. Mwaka 2012 Bunge lilichunguza malipo ya NHIF kwa zahanati ambazo baadhi yake zilidaiwa kutokuwako. Mfuko huo ulipofungwa uliacha madeni ya mabilioni ya shilingi kwa mahospitali. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kwamba mtambo wa kompyuta wa SHA, uliogharimu shilingi bilioni 104.8, haukuwa mali ya serikali. Na mwaka huohuo Wizara ya Afya yenyewe ilisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu, kwa hiyo lawama si ya wakubwa wa Nairobi pekee. Bandubandu huisha gogo. Mwananchi hukatwa mchango kabla mshahara haujamfikia mkononi, lakini hesabu ya mchango huo humfikia baada ya miaka, kupitia ripoti ya ukaguzi, kama inamfikia.

Wengine watatuambia kwamba hivyo ndivyo bima ya lazima ilivyo popote duniani. La hasha! Bima ya kwanza ya namna hii ilianzishwa Ujerumani mwaka 1883 na Bismarck, mtu ambaye hakuna anayeweza kumwita mwanademokrasia. Hata hivyo, wafanyakazi walilipa theluthi mbili ya mchango, waajiri theluthi moja, na viti vya kusimamia mifuko vikagawanywa kwa kipimo hichohicho. Aliyetoa ndiye aliyesimamia. Uingereza ilifuata njia nyingine: tangu tarehe 5 Julai 1948, matibabu hugharamiwa hasa na kodi, na mgonjwa haulizwi kadi ya mchango. Ghana, nchi ya Kiafrika kama yetu, ilitunga sheria ya bima ya afya mwaka 2003, na kwa kutambua kwamba watu wake wengi hawana mishahara, ikaitegemeza kwa ushuru wa asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma. Njia ni nyingi. Nchi huchagua, na kuchagua ni kazi ya wenye nchi.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, tunadai mambo matano, na tunataka kila mgombea atakayekuja mtaani mwetu aulizwe hayo kabla hajafungua mdomo kuimba nyimbo za chama chake.

Kwanza, asiye na mshahara aruhusiwe kulipa kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu wa mavuno, na matibabu yake yasikatizwe kwa kuchelewa kidogo.

Pili, wasio na kitu kabisa walipiwe na hazina ya serikali kwa sheria, wala si kwa hisani ya mwanasiasa anayegawa kadi akipigwa picha. Mjini Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijaifikia ahadi hiyo.

Tatu, hesabu za mfuko zichapishwe kila robo ya mwaka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kubandikwa katika kila hospitali: kilichoingia, kilichotoka, na aliyelipwa.

Nne, wachangiaji wawe na wawakilishi waliowachagua wenyewe katika bodi, wakiwamo watu wa juakali.

Tano, mfuko ukichelewa kuilipa hospitali utozwe faini, kama vile mwajiri anavyotozwa akichelewesha makato. Kwa maana hospitali isipolipwa, mwenye kadi huambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Huko ni kulipa mara mbili.

Hiyo ndiyo maana ya lazima inayofunga pande zote mbili. Sisi tutachanga. Tumezoea kuchanga, na daftari zetu ni ushahidi. Ila hata daftari la mtaa lina desturi yake: baada ya mgonjwa kutoka, mweka hazina husimama mbele ya watu, husoma jina baada ya jina na shilingi baada ya shilingi, na husema zimekwenda wapi. Asiyesoma hesabu hapewi daftari tena.

Serikali imechukua daftari letu. Tunaitaka isimame na kusoma.

Sasa ni zamu yenu kusema.