Maji Yanayovuja ni Stima Inayovuja
(Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wafanya kazi wa maji)



Najua wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja. Tumeambiwa tena ya kuwa nyongeza ya mshahara haiwezekani, kwa sababu fedha zinaliwa na stima ya pampu. Neno hilo tusilijibu kwa makelele. Tulipime.

Wenzetu wa Mombasa wanaijua tofauti. Maji ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo, huteremka yenyewe kwa bomba la kilomita zipatazo 220, lililojengwa katika miaka ya 1950. Lakini maji ya Baricho, kando ya mto Sabaki, ni lazima yatolewe visimani na kusukumwa juu kwa stima. Sisi hapa hatuna Mzima. Maji yetu yote yanapanda kutoka bondeni.

Sasa hesabu. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Kuziinua mita 100 kwahitaji kiasi cha robo ya yuniti ya stima, na kwa kuwa hakuna pampu isiyopoteza nguvu, weka yuniti 0.4. Ni kidogo, mtasema. Lakini mji ukivujisha lita milioni 5 kwa siku, yuniti 2,000 zimemwagwa mchangani siku hiyo. Na katika Kenya, zaidi ya sehemu 4 katika 10 za maji ya makampuni hayalipiwi: mengine yanaibwa, mengine meta mbovu hazikuyahesabu, na mengine yamevuja tu. Mimi mwenyewe niliripoti bomba lililopasuka, likakaa wiki tatu mpaka vijana wakapafanya pahali pa kuoshea mikokoteni!

Huko California, Marekani, mwaka wa 2015 palikuwa na ukame, na Gavana Jerry Brown akaamuru miji ipunguze maji kwa asilimia 25. Idara za maji zikawalipa watu wang'oe nyasi za bustani, wakaweka vyoo vya maji kidogo. Wataalamu wa chuo kikuu cha Davis walipopiga hesabu, waliona ya kuwa stima iliyookolewa kwa mwaka mmoja ilizidi yuniti milioni 1,800.

Lakini hao walikuwa na bustani. Kwetu, mtu anayenunua maji kwa mtungi hana tena cha kupunguza, na asidanganywe mtu kwamba kumfungia mfereji ndiyo kuhifadhi maji. Cha kupunguza kiko chini ya barabara.

Kwa hivyo kamati itadai kikosi cha kudumu cha kutafuta mivujo, chenye vipuri, si vibarua wa siku mbili. Itadai meta kila mtaa, isomwe saa nane za usiku, maana watu wakilala, maji yanayopita mengi ni ya mivujo. Presha nayo ipunguzwe saa hizo. Tena tuonyeshwe bili ya stima kila mwezi, pamoja na maji yaliyosukumwa.

Barua itapelekwa Jumatatu. Kila anayejua pahali panapovuja ampe karani wa tawi jina la mtaa kabla ya Ijumaa.