Ile Tunapaka Midomoni Tunaikula Pia

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa tereni mbele ya wanachama, Vuhovi



Kamati iliniomba niseme juu ya mafuta na rangi za midomo. Wengine walicheka waliposikia. Lakini sababu mnaijua: wamama wa AVEC wameomba mkopo kwenye kasha ya chama, waende Butembo kununua vitu vya urembo na kuja kuviuzisha hapa siku ya soko. Feza ya kasha ni ya watu waliorudi na kukuta nyumba bila milango. Kama itaingia ndani ya vikopo vidogo vya plastiki, ni haki yetu kujua vikopo vimebeba nini. Na sitaki ifanane na mafundisho mengine ya wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, watu wanashuka kwenye gari, wanasema "msifanye", wanapanda gari. Nitaeleza kila kitu kinafanya kazi gani, halafu mtapima wenyewe.

Kuna wafadhili pia walituuliza: ruje ya midomo, kwa watu waliotoka kwenye vita? Jibu langu ni ndiyo. Mtu akirudi kwake hafikirii mihogo na mabati tu. Anataka aende kanisani siku ya Mungu akiwa amejipamba sawa zamani. Ni biashara ndogo yenye wateja, na haiombi shamba ambalo bado tunaogopa kulifikia.

Tuanze na mdomo wenyewe. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya shavu, na haijitolei mafuta na jasho vile ngozi nyingine inafanya. Njo maana mwezi wa saba, vumbi ya barabara ikianza, mdomo unapasuka mbele ya mkono. Mtu analamba. Mate yanakauka, mdomo unakauka zaidi ya mwanzo, analamba tena. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi: mafuta ya mguu yanabaki mguuni, lakini ya mdomo yanateremka tumboni pamoja na fufu na chai. Kila mwenye kupaka ruje anaikula kidogo kidogo, kila siku. Kwa hiyo swali la mdomo linakaribia sana swali la chakula.

Sasa mshike kijiti hiki cha ruje. Sehemu kubwa yake si rangi. Ni nta na mafuta. Nta ndiyo inafanya kijiti kisimame bila kuyeyuka ndani ya sakoshi, na mara nyingi ni nta ya nyuki, ambayo kwenye etiketi inaandikwa Cera alba. Haiyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 62. Mafuta ndiyo yanafanya iteleze na kung'aa. Yanayotumika sana ni ya mbarika, ile risini, yanaandikwa Ricinus communis. Ni mazito, yanashika unga wa rangi vizuri, njo maana viwanda vinayapenda. Mkiona Theobroma cacao, ni siagi ya kakao. Hapa ninasimama kidogo. Kakao ya Beni inapita Kasindi ndani ya magunia, na watu wengi katika chumba hiki wamekimbia mashamba yake, au wamezika ndugu juu yake. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kakao ni hiyo siagi. Inakuwa ngumu mkononi na inayeyuka ikifika kwenye joto la mwili, kwa hiyo mdomo unaifurahia. Inarudi kwetu ndani ya kijiti kidogo, na tunalipa.

Kikopo cha vaselini kimeandikwa Petrolatum. Inatoka kwenye mafuta ya petroli iliyosafishwa, na Mmarekani Chesebrough aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1872. Vaselini haiongezi maji kwenye mdomo, inafunga mlango ili maji yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo ipakwe baada ya kunywa maji au kunawa, mdomo ukiwa bado na unyevu kidogo. Kwa mdomo uliopasuka hakuna kitu cha bei ndogo kinachoishinda, hata kama haina harufu nzuri wala picha ya matunda.

Rangi sasa. Mwisho wa etiketi mnaona herufi CI na namba. CI 77491 ni kutu ya chuma, ndugu ya udongo wetu mwekundu. CI 77891 ni unga mweupe unaopunguza ukali wa rangi. CI 75470 inatoka kwa mdudu mdogo anayeishi juu ya mpungate, Peru inamfuga kwa wingi. Anakaushwa, anasagwa, anatoa wekundu. (Mama mmoja ameweka kijiti chini haraka sana! Mdudu hana shida, mama, isipokuwa kwa watu wachache ambao mwili wao unamkataa.)

Shida ya rangi ni uchafu unaokuja nayo, hasa risasi. Si ile ya bunduki ninayosema, ingawa jina ni moja na madini ni yale yale. Ikiingia mwilini inaharibu akili ya mtoto, hata aliye tumboni. Idara ya chakula na dawa ya Marekani ilipima ruje 400 za madukani kwao: wastani ulikuwa miligramu 1.11 ya risasi kwa kilo moja, na ya juu kabisa 7.19. Mwaka 2016 ikashauri viwanda visipite 10. Hizo ni ruje za viwanda vinavyojulikana, na kiasi ni kidogo. Ile isiyo na jina la kiwanda wala namba yoyote, ni nani aliyeipima?

Kuna vikopo vinavyopoza mdomo, vyenye kanfa au mentoli. Vinapendeza dakika chache, lakini kwa watu wengine vinachokoza ngozi, mdomo unakauka tena, mtu anarudi kupaka. Kanfa ikimezwa na mtoto mdogo ni sumu, inaweza kumletea degedege. Kikopo hicho kisikae kitandani karibu na mtoto.

Sasa nifike kwenye hiki cha nne, kile kinachoahidi midomo ya pinki. Mama mmoja aliniambia wazi, mbele ya kundi: "Njo hii inaenda mbio. Vaselini inalala kwenye meza." Ninamwamini. Lakini kazi ya kitu hiki si kulainisha. Ni kupunguza weusi wa ngozi, na kwa kawaida kinachofanya hivyo ni hidrokinoni au zebaki. Hidrokinoni ikitumika muda mrefu, ngozi nyeusi inaweza kugeuka na kuwa na madoa ya bluu na nyeusi yasiyotoka tena. Zebaki inaharibu figo, na inapita kwa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata ulisema vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu moja kwa kilo visitengenezwe wala kuvuka mipaka baada ya 2020. Kwenye etiketi tafuteni Mercure, Mercury, Calomel, Hydroquinone. Na msitulie mkikosa kuona, kwa sababu anayeweka zebaki mara nyingi haiandiki. Kinachong'arisha mdomo kwa siku chache bila kusema kina nini, mimi siwezi kukikubali. Na hapa tunasema juu ya kitu kinachomezwa.

Ushauri wangu kwa kamati ni huu: mkopo utolewe, lakini feza isinunue kikopo hata kimoja cha kung'arisha. Ninajua hiyo inapunguza faida ya wamama, tena si kidogo. Kwa hiyo ninaomba miezi ya kulipa iongezwe, wasibanwe kwa tarehe ile ile kama vile wangeuza kinachokimbia. Wanunue vaselini ndogo, na ruje zenye etiketi kamili, zenye namba ya loti na ile picha ya kikopo kilicho wazi chenye 12M au 24M, maana yake miezi ya kutumia baada ya kufungua. Etiketi inaanza na kilicho kingi, inashuka kwa kilicho kidogo. Mteja asijaribishe kijiti mdomoni pale mezani. Kile kipele cha maji cha mdomoni kinaambukiza, na kijiti kimoja kinaweza kuzunguka soko lote. Apake mgongoni mwa mkono.

Na kuna njia ya pili, ndogo, ambayo haiendi Butembo. Wafugaji wa nyuki wetu wanatupa nta baada ya kukamua asali, au wanaiachia watoto. Sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta, kwa mizani, inatoa mafuta ya midomo yanayoshikamana. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, isiguse moto wenyewe, kisha ichujwe kwa kitambaa. Mawese yanafaa, lakini yawe mapya, la sivyo yataoza harufu, na yataacha rangi ya machungwa kwenye mdomo na kola ya shati. Wengine watapenda hiyo rangi.

Mwenye nta nyumbani ailete siku ya mkutano ujao wa AVEC, hata nusu kilo. Mizani nitaleta mimi. Sufuria mbili na kuni, tunaomba kwa mama wa hapa jirani na shule.