Bati Bila Dari
(Mazungumzo kwa wanajumuiya, Mdandu)



Ndugu wapendwa, tangu zama za Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, tumefundishwa kuwa nyumba bora ni nyumba ya bati. Bati haliungui kwa cheche wala panya hawajengi ndani yake. Sina ugomvi nalo. Lakini nyasi tulizoziacha zilizuia baridi, na moshi ulipenya humo kidogo kidogo.

Fikirini usiku wa Juni au Julai hapa kwetu. Anga lisipokuwa na mawingu, bati hupoa kuliko hata hewa ya nje. Pumzi za waliolala hupanda, hukutana na bati hilo, hugeuka maji na kudondoka juu ya mablanketi. Ukuta hulowa, ukungu huota, na mtoto huamka akikohoa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaja nyuzi 18 kuwa joto salama la ndani kwa nchi zenye majira ya baridi. Ni nani hapa anayezipata alfajiri?

Kwa kuikimbia baridi hiyo tunaziba kila nafasi kati ya ukuta na paa, kisha tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa uliokolea hauna moshi, na hapo ndipo unapotudanganya: sumu yake haina rangi wala harufu, nayo humuua mtu usingizini. Jiko lilale nje, hata baridi iwe kali namna gani.

Kinachotakiwa ni dari. Hewa iliyotulia kati ya dari na bati ndiyo blanketi la nyumba. Mianzi ile ile tunayoigema ulanzi (na kwa hilo hatuhitaji mwalimu!) ikipasuliwa na kusukwa hutoa dari, mradi isiwe juu ya mafiga, na matundu ya hewa yaachwe juu ya ukuta.

Sasa nije kwenye haki. Tunapochangia bweni au darasa, fedha zikipungua, kinachokatwa kwanza ni dari. Huambiwa “itafuata”. Aliyeikata halali humo, wala hafundishi mvua ikipiga bati. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu kijijini. Tuyadai makadirio huko kabla ya kutoa mchango, dari ikiwa imeandikwa. Na kikao kijacho kila jumuiya ilete hesabu ya vyumba visivyo na dari wanamolala wazee, wagonjwa na wanafunzi.