Saa 24 Ni Haki Yako



Mwaka 1988 Katiba ya Kenya ilirekebishwa, polisi wakaruhusiwa kumzuilia mshukiwa wa kosa la adhabu ya kifo hadi siku 14 bila kumfikisha mahakamani. Katiba ya 2010 iliyaondoa hayo. Kifungu cha 49 chaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, anyamaze akipenda, azungumze na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Zikiishia siku mahakama imefungwa, basi siku ya mahakama inayofuata. Akifichwa, jamaa zake wanaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake, na kifungu cha 22 chakataza kutozwa ada ya kufungua shauri hilo. Asiyeijua haki yake hawezi kuidai. Mfundisheni na jirani.